Baba Mkwe, Piko na Mawe ya Ukame

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaachika kwa sababu ya mawe. Mimi ni mtafiti wa miamba, na mkuu wa maabara yetu ndiye baba mkwe wangu, mzee nadhifu ambaye kila Jumamosi hupaka nywele piko kuficha mvi na hakuna anayethubutu kulitaja, na jina lake lote limejengwa juu ya hoja moja, kwamba zamani za kale huku kwetu kulikuwa kukame, kwa kuwa mvua nyingi huosha potasiamu kwenye udongo, na miamba yetu ya tope ina potasiamu tele. Sasa mimi nimeiweka miamba hiyohiyo chini ya hadubini nikaona potasiamu imejaa kwenye nyufa, yaani iliingia baadaye, tope lilipokwisha kufukiwa na kuwa jiwe, ikaletwa na maji ya moto ya chini ya ardhi, kwa hiyo huo ukame huenda haukuwepo kabisa, na nilipomgusia mezani aliweka kijiko chini akasema, "Mwanangu, mimi nilianza kusoma mawe kabla mama yako hajaolewa," mama mkwe akaniongezea chakula ili ninyamaze, na mume wangu kasema nikimwaibisha baba yake kwenye mkutano wa wiki ijayo, ambako mimi ndiye nitakayesoma matokeo ya maabara, nitafute pa kuishi. Nampenda mume wangu, ila siwezi kusimama mbele ya watu nikasoma uongo. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Hadubini

Mkwe, pole, lakini nawe umezidi. Hoja ya maisha ya mzee unaigusia mezani, mbele ya mkewe? Mkubwa hakosolewi kati ya tonge na tonge. Mumeo naye mwambie aache vitisho. Alioa mtafiti, hakuoa kasuku.

Kwenye mawe uko sahihi. Mchuzi ukiongezwa chumvi mezani, huwezi kumlaumu mpishi. Baba mkwe wako ameonja mwisho akahukumu mwanzo, na wanafunzi wake wakameza bila kutafuna.

Mfuate ofisini kabla ya mkutano, peke yako. Piga hodi, mwekee hadubini, kisha unyamaze aone nyufa mwenyewe. Mwambie mtaiondoa kwenye hesabu potasiamu iliyoingia baadaye, mpige upya, na atangaze yeye. Jina lake litangulie lako kwenye ripoti; kutangulia si kufika. Akikataa, panda jukwaani useme ulichokiona. Utaogopa, lakini sema.

Wala usihofu kwamba hataelewa. Mtu anayepaka piko kila Jumamosi anajua kuliko sisi sote kwamba weusi wa leo hauelezi kilichokuwepo jana. Ila akiinamia hadubini, tafadhali, usimtazame utosini.