Barua ya Fundi Cherehani Asiyekuwepo

Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumatano, 12 Juni

Mpendwa Shangazi,

Kabla sijakusalimia, acha niseme jambo moja, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo hadi karatasi iishe. Bibi ameacha matone yake ya macho kwa sababu ya barua, na barua hiyo niliiandika mimi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa shikamoo, Shangazi. Mgongo wako umepata nafuu? Na wale pacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Sisi ni wazima wa mwili, na paa la jikoni limeshazibwa. Ningekupigia simu, lakini unanijua, ningeishia kusema "ndiyo" na "hapana" tu.

Tangu nimalize shule nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Huja pale bwana mmoja anayeuza dawa za chupa. Watu humwita Daktari, naye huitika. Mwezi wa tatu aliniona naandika bango kwa mkono, akasema, "Binti, una mwandiko wa kuaminika. Wagonjwa wangu wamepona wanataka kushukuru, ila kuandika hawajui. Nisaidie." Akanisimulia, nikaandika. Niliona natenda wema.

Barua ya nne hakunisimulia chochote. Nilipomuuliza mgonjwa amesemaje, akacheka. "Buni tu. Macho ni macho, kwani ya huyu yanauma kwa lugha nyingine?" Hapo nilielewa, Shangazi. Sitakudanganya kwamba sikuelewa. Niliona haya kumkatalia mtu mzima mbele ya wateja, nikainamisha kichwa nikabuni.

Nilimbuni mama mmoja fundi cherehani. Nikaandika kwamba alikuwa hawezi tena kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, hadi alipoacha dawa ya hospitali na kunywa hiyo ya chupa kwa wiki tatu. Jambo la sindano sikulitoa mbali. Ni Bibi ndiye huniita kila siku nimpitishie uzi.

Kisha siku moja Bibi akarudi kutoka kwa jirani na chupa mkononi, nakala ya barua imefungwa juu yake kwa raba. "Nisomee," akasema, "miwani yangu leo imegoma." Nikaona mwandiko wangu. Hata hivyo nilisoma mpaka mwisho.

"Rudia pale pa sindano," akasema. Nikarudia.

Hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi anakunywa kijiko kimoja, na matone ameyasukuma nyuma ya kabati. Unakumbuka ulipompeleka kliniki, muuguzi alisema presha ya macho haiumi, na kwamba matone hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki. Juzi Bibi alilisalimia koti la Baba lililotundikwa mlangoni, akaligombeza kwa kutoitikia. Tulicheka wote, hata yeye. Mimi nikaenda kulia bafuni.

Nimejaribu kumgeuza bila kujitaja. Nikamwambia barua haina mtaa wala namba ya simu, na mtu wa kweli angekuwa na mahali pa kupatikana. Nikamwambia Daktari anasema "leo ndiyo mwisho wa bei hii" tangu mwezi wa tatu. Nikamwambia dawa ya macho, ya magoti na ya usingizi zina maelezo yaleyale, maana lebo zote nilizichapa mimi. Hata hilo tu la kumtaka mgonjwa aache dawa ya hospitali lingetosha kumshtua mtu. Yashike na wewe haya, Shangazi, uwaambie na wenzako kazini, kwa kuwa nasikia hizo chupa zinasafirishwa hadi huko.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, muuzaji anaweza kunidanganya, ana lake analotafuta. Huyu fundi cherehani anapata nini?"

Jibu ni moja tu, nalo ni kumwambia kwamba fundi cherehani ni mimi.

Leo nimekataa kuandika barua nyingine. Daktari alisema, "Umekua siku hizi," na bosi akanikata jicho. Huenda wiki ijayo sina kazi. Hilo halinisumbui sana. Ninachoogopa ni uso wa Bibi. Kila karatasi inayoingia nyumba hii namsomea mimi. Baada ya kesho sijui kama ataniamini hata nikimsomea kadi yake ya kliniki.

Nitamwambia asubuhi, kabla hajafungua chupa. Kisha nitampeleka kliniki, akikubali kunishika mkono. Asipokubali, nitatembea nyuma yake hadi tufike.

Msalimie mume wako, na pacha wote wawili, hata yule mkorofi. Mungu akutunze wewe na mgongo wako, akuwekee macho mazima hadi uzeeni.

Barua hii ikikufikia, Bibi atakuwa ameshajua. Baba bado. Nakuomba usimwambie, hata akikupigia kuuliza mbona nimekonda. Nimeshaandika maneno ya watu wengi. Haya ya kwangu niachie niyaseme mwenyewe, kwa mdomo, mbele yake. Mpaka hapo, yabaki kwako.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda kuliko anavyoweza kusema,
Kimya