Jina la Msomaji

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo wewe, shemeji hajambo, na watoto? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku miili haijambo. Baba bado anatembea na mkongojo wake, na bado anawasahihisha watangazaji wa redio kwa sauti, kana kwamba wanamsikia. Kuhusu mioyo, nitakueleza. Kaa kwanza.

Nilipokupigia simu kukwambia kwamba Mama Rafu wetu wa maktaba amefariki, ulikata kabla sijamaliza, na sikukulaumu. Lakini haya ya leo simu haiyawezi.

Wiki iliyopita maktaba iliita watu kumkumbuka. Tulikutana kwenye chumba cha vijana, kile cha nyuma kilichokuwa stoo ya viti vibovu mpaka alipovitoa mwenyewe kimoja kimoja. Wakubwa wake walimwonya kwamba vijana watachana vitabu, naye akawajibu kuwa afadhali wachane wao kuliko mende. Wale uliokuwa ukigombania nao kona ya dirishani sasa wana vitambi na miwani. Fundi cherehani wa pale sokoni alisimulia kwamba Mama Rafu hakuwahi kumuuliza kama amekielewa kitabu, alimuuliza, “Kimekuudhi wapi?” na hakumwachia mpaka apataje mahali penyewe. Tulicheka mpaka machozi. Kisha mkutubi mpya, binti mwenye sauti ya woga, akasema kuna pendekezo chumba kile kipewe jina la marehemu. Mwenye pingamizi aseme.

Baba akasimama.

Dada, nilikuwa nimemsihi abaki nyumbani. Unamjua akisimama: anakohoa kidogo, anangoja kimya kitimie, kama vile bado ni mwalimu mkuu na sisi tuko mstarini. Alisema hana chuki na marehemu. Ila watu wasisahau mwaka ule yeye alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walipokwenda kukiondoa kitabu kile cha mambo ya miili ya wasichana wakakuta kimeazimwa. Walimtaka Mama Rafu amtaje aliyenacho. Akawaambia, “Jina la kitabu nitawapa. Jina la msomaji ni lake mwenyewe.” Kwa kauli hiyo alinyang'anywa chumba, akapelekwa chini kupanga magazeti ya zamani mpaka akastaafu. Baba akasema mtu aliyewaficha wazazi habari za mtoto wao hastahili kuandikwa ukutani. “Mpaka leo,” akamaliza, “yupo mzazi katika mji huu asiyejua kama alikuwa ni mwanawe.”

Mimi akilini nilikuwa nakiona kitabu chenyewe chini ya godoro letu, na kamati nzima sebuleni ikinywa chai. Nilikuona wewe ukifua nguo zako kwa siri, Mama akiwa ameshatutoka, ukiamini una ugonjwa wa kukuua na hakuna wa kumuuliza. Na nilikumbuka ulichonisimulia tulipokua: kwamba ulianza kwa Baba. Ulisimama mlangoni kwake, akakuuliza unataka nini bila kuinua macho kwenye madaftari, ukasema umekuja kuomba kalamu. Akakupa kalamu. Ndipo ukaenda maktaba.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema msomaji yule nilikuwa mimi.

Baba alinitazama muda mrefu, kisha akakaa taratibu kama mtu anayetafuta kiti gizani. Mikono ilipoinuliwa kupitisha jina, wake ulibaki juu ya mkongojo. Jina limepita.

Tulipofika nyumbani aliketi kwenye kiti chake na viatu vyake miguuni, yeye ambaye hutufokea kwa vumbi. Halafu akasema kwamba mwaka ule mimi nilikuwa bado naandika herufi zangu kinyume, na yeye ndiye aliyekuwa akinishika mkono kuzigeuza. “Kwa hiyo si wewe,” akasema. Jina lako sikulitaja, Dada, naapa. Lakini wasichana katika nyumba ile tulikuwa wawili tu, na Baba hesabu hazimshindi.

Akaniuliza, “Kwa nini hakuja kwangu?”

Hapo ndipo nilipokosa uvumilivu, na hili ndilo ninalokuomba radhi. Nikamwambia kwamba ulikuja. Nikamweleza ya mlangoni na ya kalamu. Nikamwambia pia kwamba ulipoona alichomfanyia Mama Rafu, ndipo ulipoapa kuondoka na kutorudi. Siri ilikuwa yako, nami nimeitoa bila ruhusa yako. Nilidhani atanifokea. Aliinama akaanza kuvua viatu, na kamba moja ikamshinda, nikamfungulia.

Asubuhi alikwenda maktaba peke yake, akakiazima kitabu kile kwa jina lake. Dada, kumbe hakuwahi kukifungua! Alikipiga vita kwa jalada tu. Sasa anakisoma kibarazani mbele ya wapita njia, kidole kikifuata mstari. Jana alikifunga akaniuliza, “Ni hiki tu?” Nikamwambia ni hicho hicho. Akasema humu hamna neno ambalo mama yenu asingewaambia, akavua miwani, akageukia ukutani.

Leo ameniomba anwani yako. Hataki namba ya simu, anasema simu utaikata. Anataka kuja mwenyewe. Nimemwambia sitoi mpaka nikuulize, nikajiandaa kwa ngurumo, akaitikia kwa kichwa tu. Lakini kila nikivaa viatu ananiuliza kama napitia posta.

Sikusukumi. Ukikataa, nitamfikishia kwa upole na sitakuuliza sababu. Ukikubali, nitampandisha basi mimi mwenyewe. Ameniahidi hatakuja na hotuba. Mimi nina wasiwasi hata sauti hatakuwa nayo.

Msalimie sana shemeji, na wabusu watoto, wasioijua sura ya babu yao. Nangoja jibu lako, liwe lolote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.