Usipige Magoti kwa Ajili Yangu

Kiembeni, Mombasa
Jumatatu

Mama yangu,

Shikamoo. Najua utacheka, maana kwetu hatuamkiani hivi, lakini miaka kumi na minne ya pwani imenitia adabu ambayo fimbo yako ilishindwa kunitia. Hilo goti la kushoto linaendeleaje? Dada Beatrice aliniambia kwamba siku hizi ukipanda kile kilima cha kanisani unapumzika mara mbili njiani. Na mvua je, imewafikia? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi huku tu wazima. Rosa anakusalimu, wajukuu zako wanakula kama nzige, na jua la Kiembeni linatuchoma sote bila kubagua Mkristo na Mwislamu.

Barua hii nimempa shemeji yangu, kaka yake Rosa, anayesafiri kesho kutwa, na nimemwapisha aitie mkononi mwako kabla ya Jumapili. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yenyewe ni ya Beatrice, naye huifungulia sauti mpaka jirani akajua habari zetu kabla yako. Tena jambo hili nililianzisha kwa barua, acha nilimalize kwa barua. Mama, nakuomba usiende kutubu Jumapili. Usiitike watakapokuita mbele, usipige magoti, wala usiseme yale maneno niliyokuandikia useme. Ile barua yangu ya mwezi wa pili itie kwenye moto wa jikoni, uchemshie chai. Sasa keti nikueleze, maana najua unajiuliza mtoto huyu amepatwa na nini.

Nilipokuandikia wakati ule nilikuwa nimechaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na ulifurahi hata ukachinja kuku. Kuna jambo sikukwambia. Walipotuhoji kabla ya kutuwekea mikono, mchungaji aliuliza kila mmoja kama wazazi wake ni washiriki wa meza ya Bwana. Nikajibu kwamba baba ni marehemu na mama ni mshiriki kamili. Nilisema hivyo bila hata kukohoa. Niliona haya kusema kwamba mama yangu ni mke wa pili, kwamba kanisa la nyumbani lilimnyima meza tangu kabla sijazaliwa, na kwamba hata baba alipofariki na wakamwambia sasa atubu kuolewa kwake ili arudishwe, alikataa. Ndipo nikakuandikia utubu. Nikakwambia ni dakika mbili, ni maneno tu. Wewe ukadhani ninakutafutia mbingu, kumbe nilikuwa natafuta uwongo wangu ugeuke kweli. Nisamehe, Mama. Nalisema hili kwanza kabla ya mengine.

Kazi ya mzee huku iko hivi. Kila mmoja ana mtaa wake, na kabla ya Jumapili ya meza huwazungukia washiriki nyumba kwa nyumba, akaomba nao na kuwapa kadi. Asiye na kadi hali mkate wala hanywi kikombe. Mimi nilipewa Mwakirunge, kule kwenye machimbo ya mawe na jaa la taka la mji, ambapo wazee wenzangu hawakupagombania. Ukikuta mtu asiyekuwa kwenye orodha, unamwuliza maswali mawili: ulibatizwa na kupokelewa wapi, na ndoa yako ni ya namna gani. Akijibu vyema, unamwandikia kadi papo hapo.

Katika mzunguko wangu wa kwanza nilifika kwa mchonga mawe mmoja anayeitwa Charo. Mwenyewe hakuwepo. Nilimkuta mkewe uani anapepeta mahindi, mwanamke wa makamo, wanamwita Mama Kadzo kwa jina la binti yake mkubwa. Jua lilikuwa la kupasua utosi, na nyumba nne zilikuwa bado zinanisubiri. Alinifutia kiti, akaniletea maji. Nikamwuliza swali la kwanza, akasema alibatizwa na kupokelewa Kaloleni akiwa msichana. Nikaandika kadi, nikaomba, nikaondoka. Swali la pili sikuliuliza. Usidhani nilifanya huruma, Mama, nilisahau tu kwa ajili ya joto. Kama ningelikumbuka ningeliuliza, na kadi hiyo asingeiona.

Jumapili ya meza mimi ndiye niliyebeba sinia la mkate upande wa akina mama. Mama Kadzo alikuja amejitanda leso mpya. Alipochukua kipande chake alikishika kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu mpaka jirani yake akamgusa kiwiko. Akala, halafu machozi yakamtoka bila sauti. Nikadhani labda ana msiba.

Chai ya baada ya ibada haijaisha, habari zikawa zimenifikia. Mke wa kwanza wa Charo alikuwa shambani siku niliyokwenda. Mama Kadzo ni mke wa pili, na hakuwa amegusa mkate wa Bwana kwa miaka kumi na mmoja. Mzee Josia, katibu wa baraza letu, aliniagiza nirudi Mwakirunge, niichukue ile kadi, nimweleze kwamba yalikuwa makosa, na kwamba akitaka nyingine aachane kwanza na Charo kisha atubu mbele ya kanisa. Nikasema sawa. Hasira nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya mtu aliyeaibishwa wiki yake ya kwanza kazini.

Nilikwenda Jumanne. Niliwakuta wake wote wawili kwenye mkeka mmoja wakimenya mbaazi. Nikasema neno langu bila kuzunguka. Mama Kadzo aliingia ndani, akatoka na kadi ameifunga ndani ya karatasi ya nailoni.

"Kadi yako ni hino, mzee," akasema. "Ulipoiandika mimi nilidhani Mungu yuwaniita. Nikamwambia mwenzangu, akanipa leso yake mpya nikajitande. Basi ichukue. Lakini ule mkate nishaula. Nao wautaka?"

Niliipokea kadi. Mke mkubwa akaacha mbaazi zake, akanitazama. Huyu ndiye ambaye sheria yetu inasema inamlinda.

"Aliyekosewa ni mimi, si ndivyo musemavyo? Mbona miaka yote hino hamukuja kuniuliza?"

"Tukuulize nini, mama?"

"Kama nishamsamehe."

Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Mimi nikajitia ujuzi, nikamwambia Mama Kadzo asilifanye jambo kuwa kubwa, kutubu ni maneno tu. Ndiyo, Mama, maneno yale yale.

"Nitubu nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Nisimame niseme Kadzo na nduguze ni makosa? Wanangu watakuwa wamekaa pale, wasikia. Weye, mzee, mamako akisema hivyo nawe wasikia, utakwenda wapi?"

Mama, wewe ulisema hivyo hivyo siku ile wazee walipokuja nyumbani baada ya kumzika baba. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulisema, "Ninao watoto watano, sitasimama kuwaita dhambi." Na mimi, mwanao wa tatu, nilikuonea haya kwa kuwajibu wazee. Nikakumbuka pia nilipokuwa mdogo, tukiwa tumekaa wote benchi la mwisho karibu na mlango, sinia likitupita kila mara. Nilikuuliza kwa nini wewe huli. Ukanijibu, "Nimeshiba." Nikakuamini. Miaka mingi niliamini kwamba wewe ni mtu asiyeona njaa.

Kadi niliirudisha kwenye mkeka, juu ya maganda ya mbaazi. Nikaaga nikaenda zangu.

Siku zilizofuata nilichomelea mageti vibaya mpaka Salim, mwenzangu wa karakana, Mdigo wa Likoni, akanitoa kwenye mashine akaniuliza nina nini. Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Na geti hilo la kanisani, Enoki, mumelichomelea nyinyi ama Mola?" Nilicheka, lakini swali hilo nililala nalo. Mimi ni fundi, najua geti ni kitu cha maana. Nyumba isiyo na geti huingiwa na mbwa na wezi. Lakini sijapata kuona mwenye nyumba aliyetengenezewa geti lisilo na mlango wa kufunguka, akashukuru.

Jumamosi baraza lilikaa. Mzee Josia si mtu mbaya, nisimsingizie. Mama yake mzazi alifukuzwa nyumbani siku baba yake alipoleta mke mwingine, na alisema, "Tukiilegeza sheria hii, kesho kila mwanamume atajiongezea, na wanawake kama mama yangu watakosa pa kulilia." Nilimwelewa. Nilimkumbuka mama mkubwa, mke mwenzio, jinsi alivyolia ulipoletwa wewe, maana mwenyewe ametusimulia. Sheria ile iliwekwa kwa ajili ya machozi kama yale, nami siidharau. Lakini nikawaambia: mwanamume ndiye anayeoa, na anayekaa nje tukimhesabia miaka ni mwanamke. Na tunasema tumeokolewa kwa neema, kitu cha bure tusichostahili hata mmoja wetu, kisha tunasimama mlangoni na maswali mawili. Mimi nilisahau swali moja, na kwa kusahau kwangu mama mmoja alikula na kulia. Nikasema kadi siendi kuichukua, wamtume mwingine, na huyo mwingine ajiandae kujibu kuhusu mkate.

Halafu nikawaeleza habari zako. Nikasema nilidanganya siku ya kuhojiwa, mama yangu ni mke wa pili na hajapata kula mezani maisha yangu yote. Mchungaji akasema watalifikiria jambo la Mama Kadzo, na kwamba mimi kwa ajili ya uwongo wangu nimesimamishwa uzee mpaka watakapoamua. Hilo ni haki yao. Nilidanganya kweli, na toba hiyo niliitoa mbele yao nikiwa nimesimama, maana dhambi ni yangu na ninalijua jina lake.

Ndiyo maana nakuandikia kwa haraka. Beatrice alisema umekubali, umesema "kwa ajili ya Enoki." Mama, sina uzee tena wa kulindwa. Hata ningekuwa nao, usiulipie kwa mdomo wako. Kama una dhambi zako unazozijua, za hasira au za kumsengenya jirani, mwambie Mungu ukiwa umelala kitandani, goti lipumzike. Lakini usiende mbele ya watu kumwomba Mungu radhi kwa kitu alichokupa mwenyewe. Wakikuuliza kwa nini umebadili neno, waambie mwanao amekuzuia, waje wazungumze naye. Nimeshaomba ruhusa karakanani. Wiki ya meza huko nyumbani nitakuwa nimefika, nitaonana na wazee mmoja mmoja, na nitawauliza kama wameshamwuliza mama mkubwa. Wakikataa, nitakaa na wewe, na sinia likitupita litupite sote. Sitachoka kuuliza, mwaka huu wala mwakani. Mimi ni mtoto wako, ukaidi huu sikuutoa Mombasa.

Nisalimie mama mkubwa, mwambie nina neno la kumwuliza ana kwa ana na asimwachie mtu amjibie. Msalimie Beatrice, aache kufungulia watu simu. Msalimie kaka yetu mkubwa na shemeji, na mjomba mpiga ngoma wa kanisa, na yule bibi jirani anayekuchotea maji goti likikuzidi. Rosa ametuma kanga mbili, ya kwako ni ile yenye kijani.

Ni mimi mwanao wa tatu, ambaye hukukosea kumzaa,

Enoki