Asali ya Sadaka Kwenye Chai ya Jumuiya

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu, maana mwenye shida huamkia hata mdogo wake. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja, Mkatoliki, naishi Kanyenye hapa Tabora, elimu yangu darasa la saba, kwa hiyo nisamehe mwandiko, na majina yote nimebadilisha.

Nina binti mmoja, Doto, ana miaka kumi na tisa, pacha wake tulimzika akiwa mchanga na labda ndiyo maana huyu nimemdekeza. Mwaka jana aliiba vitenge viwili dukani akakamatwa, hakimu akamwonea huruma akampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, yaani alale nyumbani, awe chini ya afisa uangalizi, na asirudie, akirudia atajibu makosa yote mawili. Nilipiga magoti nikashukuru, na ilikuwa imebaki miezi miwili tu.

Sasa Julai tulikuwa na misa ya mavuno, watu wakatoa mahindi, karanga na kuku, na Mzee Leodgar, mrina asali wa jumuiya yetu, akatoa kidumu cha asali, vyote vikawekwa stoo ya parokia kungoja mnada. Wiki hiyo hiyo zamu ya jumuiya kusali ilikuwa kwangu, nami siku tatu nzima nilikuwa nanung'unika jikoni kwamba kwa mama Bertila tulikunywa chai ya maziwa na vitumbua, mimi nitawawekea nini, sukari yenyewe sina, uso nitauficha wapi, na Doto alikuwa anasikia. Yeye hufagia kanisa kila Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikakuta kidumu mezani, nikakijua kwa kamba ya gome la mti iliyofungwa shingoni, kwa sababu ni mimi niliyekibeba kwenye maandamano ya sadaka. Nikamuuliza amekitoa wapi, akasema, “Mama, si ulisema huna cha kuwawekea wageni?”

Na wageni walishafika, wimbo umeanza uani. Mshauri, niliifungua ile kamba nikaitupa motoni, nikatia asali kwenye chai, nikawapelekea.

Mzee Leodgar akaonja, akashusha kikombe, akaonja tena, akasema, “Mama Doto, nyuki hawa mbona tunafahamiana?” Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Jumapili stoo ikaonekana imepungua, lawama ikamwangukia Xavery, mlinzi, ameambiwa akae nyumbani hadi kamati ikutane Jumapili ijayo. Jumanne afisa wetu, dada Josepha, akaja na fomu yake akauliza binti anaendeleaje, nikasema anaendelea vizuri, nikatia sahihi. Tangu hapo misa za asubuhi naenda lakini komunyo sipokei, nasingizia mguu. Jana Xavery amenipita njiani akaniambia Tumsifu Yesu Kristo, nikainamia kandambili yangu kama imekatika.

Nikisema, mwanangu anafungwa. Nikinyamaza, Xavery anafukuzwa. Nimefikiria nitafute asali nyingine niiache mlangoni mwa stoo bila kuonekana. Nishauri, mama mwenzio.

Mwenye Aibu, Tabora

MAJIBU

Mama Doto, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikukasirikia.

Doto ameiba, hilo halina mjadala. Lakini kamba hakuichoma yeye, fomu hakuisaini yeye, na aliyeogopa chai isiyo na sukari kuliko amri ya saba, Usiibe, si yeye peke yake. Unamlilia binti huku unamfundisha namna ya kuficha.

Asali ya mlangoni achana nayo. Itajaza stoo, haitamsafisha Xavery, na watu watasema ameirudisha yeye kwa woga.

Leo, si kesho, nenda na Doto kwa Xavery. Aseme Doto mwenyewe. Wewe funga mdomo mpaka amalize, kisha useme lako. Kutoka hapo nendeni kwa paroko, halafu kwa Josepha kabla hajasikia sokoni, umwambie ile sahihi ni ya uongo na uko tayari kuijibu. Mimi si hakimu, siwezi kukuahidi kwamba binti hatafungwa. Ila Josepha ndiye atakayeiandikia mahakama, na msichana aliyejileta kwa miguu yake haandikwi kama yule aliyefichuliwa baada ya mtu asiye na hatia kupoteza kazi. Mkipewa nafasi ya kulipa kwa kazi, Doto akamsaidie Mzee Leodgar mizinga yake, akajue kidumu kimoja kinamgharimu mtu miiba mingapi ya nyuki.

Na yule mzee, mama, hakuwa anakutania. Alikufungulia mlango mbele ya watu, ukacheka. Jumapili kwenye kamati kaa mbele, usimame useme.

Zamu yako ya jumuiya ikirudi, wape chai ya rangi bila sukari. Watakunywa.