Kozi Uliyoifuta

Mpendwa yaya, kaka yangu mkubwa,

Mama ameniambia kwamba umefika Kisangani salama na kwamba dirisha la chumba chako linatazama mto. Mimi hukuniandikia, nami sikukuuliza. Barua hii naiandika wazi. Wenzetu wa idara ya hisabati waisome kama wanataka, kwa sababu jambo lenyewe ulilisema mbele yao.

Unakumbuka ile likizo kubwa kabla sijaingia chuo? Ulikuwa umeanguka mitihani ya mwaka wa kwanza. Shule yetu kule Fataki ilikuwa imefungwa na vita mara kadhaa, na kila ilipofunguliwa walimu walianzia pale walipoweza. Tulikuja kumalizia sekondari hapa Bunia, na hakuna aliyetufundisha trigonometria hata siku moja. Wewe ulikuja kulijua hilo kwa njia mbaya. Profesa wa somo la analizi alikuita ubaoni, akakuuliza kosinus ya sifuri, nawe hukuwahi hata kulisikia neno hilo. Akasema mbele ya oditori nzima, ukumbi uliojaa wanafunzi, "Kijana, umekosea mlango. Kwa mafundi cherehani ni ng'ambo ya barabara." Uliponisimulia ulikuwa umegeukia ukuta, nami nikajifanya natafuta kitu ndani ya sanduku la nguo ili usilazimike kuniangalia.

Kesho yake ulileta chaki ukachora duara nyuma ya mlango wa chumba cha mama. Ilikuwa kila alasiri, likizo nzima. Mama alilalamika kwamba kitenge chake cha kanisani kimeshika vumbi jeupe. Ulinitajia pembe, nikakosea, ukafuta, tukaanza tena. Wewe uliyechekwa hukunicheka hata mara moja. Siku nilipozipata zote uliketi kitandani, ukaniambia polepole, "Mutoto wa kwetu hatapita tena mu haya hii. Kama siku moja iko siye tunapanga kozi, tutaanzia hapa."

Mwaka ule tulikaa benchi moja, wewe ukirudia, mimi nikianza. Tulipita wote wawili. Baadaye tukawa walimu wa idara ileile, wewe ukawa mkuu wake, na fakilte, yaani kitivo chetu, ilipotaka programu mpya ya miaka mitatu ya shahada, kazi tulipewa sisi.

Zile Jumapili ndizo zinazoniuma zaidi. Ulikuja kwangu baada ya misa, tukatandaza karatasi mezani, kila kozi na karatasi yake, tukazisogeza. Analizi ya pili haiwezi kutangulia ya kwanza, hilo halikutusumbua. Lakini aljebra ulitaka ianze mwezi wa kwanza, mimi nikasema hapana, watu hawajajua bado hata uthibitisho unaandikwaje. Niliposhinda ulikunja uso, ukaenda jikoni kujimiminia chai. Uliposhinda wewe ulichukua kipande cha ndizi kwenye sahani yangu. Tulipunguza saa za jiometria ili tupate nafasi ya kozi moja tuliyoiita Misingi ya Hisabati, kwa wanaotoka Fataki, Bule na kote ambako shule zilifungwa. Uliiandika wewe, kwa mkono wako, mstari wa kwanza wa muhula wa kwanza. Nilijua ni ahadi yako ya ile siku ya duara la chaki, nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupata shahada yangu.

Kwenye baraza la fakilte nilikaa kando yako. Profesa mmoja mzee alisoma ule mstari, akavua miwani, akauliza kama chuo kimegeuka sekondari. Watu wakacheka. Nilikusubiri uzungumze. Ulizungumza.

"Hiyo ilikuwa wazo ya mudogo wangu," ulisema. "Mimi mwenyewe niliona haifai. Tuifute."

Ningeweza kulimeza hilo. Lakini mama mmoja wa idara ya fizikia alikuuliza, kwa upole kabisa, "Lakini ninyi wawili si mulisoma kulekule? Mulifanya je?"

Ukamjibu bila kunitazama, "Siye tulifika tayari tunajua."

Yaya, nilikuwa nimeshika kalamu. Niliiweka chini. Nilitaka kusema kitu, lakini ningesema nini bila kukuvua nguo mbele ya watu? Nikanyamaza. Kwa hiyo uongo ule ukawa wetu sote wawili.

Nje, kwenye veranda, nilikuuliza, "Ju ya nini umesema vile?"

"Iko bao, hawa wa baraza, ndio batasaini dosye yangu, makaratasi ya kwenda kusoma doktora kule Kisangani. Siwezi kujionyesha muzaifu mbele yao."

"Na batoto?"

"Batajipanga."

Ukapanda pikipiki, ukaondoka.

Nikwambie walivyojipanga. Muhula wa kwanza wa programu mpya, bila kozi ile, msichana mmoja wa Bule, Imani, alinifuata mlangoni baada ya analizi. Alingoja wenzake wapite wote, ndipo akauliza, "Madame, sinus ni nini? Iko kama namba ao iko kama kitu ya kufanya?" Swali zuri kweli, na alikuwa analiuliza kwa kunong'ona kama mtu aliyeiba. Wiki ile ile alimwambia mwenzake kwamba anarudi nyumbani. Mwenzake akaniletea habari, nikamkuta chumbani kwake akikunja godoro lake. Nilikaa kwenye sakafu nikamwambia kuhusu likizo yetu, kuhusu kosinus ya sifuri, kuhusu wewe. Nilitaja jina lako. Aliniuliza kama ni yule mkuu wa idara, nikasema ndiye. Akalikunjua tena godoro.

Sasa kila Jumamosi asubuhi nafundisha Misingi katika ukumbi wa parokia, bila krediti na bila ruhusa. Imani alianguka mtihani wa kwanza, akapita wa marudio. Wengine wawili walikuwa wameshaondoka kabla sijaanza, na sijui waliko. Hao nakudai wewe, na ninajidai mwenyewe pia.

Baraza litaipitia programu upya mwisho wa mwaka huu, na nitairudisha kozi ile. Wakiuliza tena tulifanyaje, safari hii nitajibu: mlango, chaki, na mwaka ule ulipoanguka mitihani. Sitaki kukuaibisha. Nimechoka tu kuona mtu niliyempenda kuliko wote akimcheka yule kijana aliyeitwa ubaoni, pamoja na waliomcheka.

Una miezi kadhaa. Waandikie wa baraza wewe mwenyewe, mistari miwili yatosha. Ukifanya hivyo, barazani sitalazimika kujibu mimi, nami nitakuwa na kaka tena.

Jifunike vizuri, mama anasema mto huleta baridi.

Mimi,
mdogo wako