Shahamu ya Ndege wa Rukia

Thornton Heath, London
Jumanne, 14 Januari, mwaka wa hamsini na nane tangu niondoke Unguja

Ndugu yangu mpenzi Zuwena,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi imeingia mifupani na haitaki kutoka.

Umeniandikia nirudi nyumbani, maana Rukia wangu ameshatangulia na nimebaki peke yangu; chumba umeshanipakia chokaa. Sitakuficha: kwanza nilijiuliza, kwa nini sasa? Watu wa nyumbani wananitakia nini? Mtu aliyefukuzwa kwao hubaki akigeuza kila kitu aone chini yake pana nini.

Ngoja nikuhadithie yaliyonifika wiki iliyopita, ndipo utapata jibu lako.

Rukia alikuwa akiwalisha ndege bustanini kwetu, hasa mmoja mdogo mwenye kifua chekundu. Alipofariki, sikujua alikuwa akiwapa nini. Niliwamwagia wali, hawakuugusa. Jirani yetu Colin, dereva wa basi mstaafu, akanipitishia boksi juu ya ua: vipande vya shahamu vilivyochanganywa na mabuu, na mfuko wa mabuu makavu pembeni. Miaka ishirini tunapungiana mikono tu, leo zawadi? Nikavaa miwani nikasoma. "Mafuta ya mnyama." Mnyama gani, hawakusema; huenda ni nguruwe. Nami nimeshakishika kipande, na mkono umelowa mvua.

Nikampigia simu binti yetu Maryam.

"Baba, kwani huyo ndege anaswali?"

"Mimi naswali."

"Basi vaa glavu!" Akacheka mpaka nikakata simu.

Nikalitia boksi pipani, nikachuchumaa penye bomba la bustani kuosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa na maalimu chuoni, tuliposoma Kurani. Kuinua kichwa, Colin ananitazama.

"Ni ya ng'ombe," akasema.

"Umejuaje?"

"Mkeo alinipigisha simu kiwandani niulize. Siku ile naye aliosha mikono hivyo hivyo, tena kwa udongo wangu! Akaniambia ndege wake hawali nguruwe. Tangu hapo nanunua hiyo hiyo, maboksi mawili, langu na lake."

Zuwena, miaka yote hiyo sikuwa na habari.

Nikalitoa boksi pipani. Mabuu yale makavu nikayaroweka kwa maji ya vuguvugu, kama Colin alivyonielekeza, maana maji ya bustani yakiganda ndege hawana pa kunywa. Asubuhi yake kifua chekundu akaja. Akanitazama kwa jicho moja, akaruka nyuma, akarudi. Naye hakuniamini. Kisha akala.

Nisamehe kwa kukudhania vibaya, wewe na chokaa yako. Lakini kaburi la Rukia liko hapa, na kumbe habari zake hazijanimalizikia. Colin anasema anazo nyingine, ila atanipa moja moja, nikija kwake kunywa chai.

Nisalimie shemegi yangu, mumeo, na mjane wa marehemu kaka yetu. Mwambie mwanao mkubwa, yule anayetaka kuoa, chumba ni chake.

Mimi sirudi.

Kaka yako,
Nassor