Kichwa cha Habari Nilichokiandika Mimi

Jumanne. Joto la kunata, mvua inatishia tu hainyeshi. Nimejifungia ndani tangu saa kumi na moja jioni.

Naogopa.

Jana mhariri wetu wa gazeti la mtandaoni alinipa habari fupi: watu wanne wamekamatwa Kariakoo, hawana vibali vya kuishi nchini. Nikaiwekea kichwa: "Wakimbizi Waivamia Kariakoo." Nilijua si kweli. Nilijua pia watu wangebonyeza. Wakabonyeza, na chini yake wakaandika: wafukuzwe, wapigwe, wachomwe. Nikasoma, nikaenda kunywa chai.

Leo mchana nikaenda kusukwa saluni kwa Mama Neema, mtaa wa Mchafukoge, jirani na Kariakoo. Alikimbia vita Bukavu akiwa msichana. Kibali chake kimetundikwa ukutani, pembeni ya leseni ya saluni. Nikakuta mlango umerudishwa nusu. Kuna mtu alikuwa ameupiga picha, akaiweka kwenye maoni ya habari yangu: "Mmoja wao yuko hapa."

"Mwanangu, weye unafanya kazi kwa habari," aliniuliza huku akinisuka, simu yake yenye ile habari iko wazi mezani. "Ni nani aliandikaka hii?"

Nikamwambia msuko wa kisogoni unabana.

Mara wakaingia wanaume watatu. Hawakusalimia. Mmoja akasema, "Mama, hebu ongea kidogo tusikie Kiswahili chako."

Mama Neema akafunga mdomo. Akanishika bega, kucha zikanizama. Nilitaka kukimbia, naapa. Badala yake nikasikia sauti yangu: "Huyu ni mama yangu mdogo. Kama hamsukwi, tokeni."

Wakacheka. Mmoja akapiga teke ndoo ya maji. "Tutarudi," akasema, wakaondoka.

Maji yakiwa bado yanatambaa sakafuni, nikamwambia. "Ni mimi, mama. Niliandika mimi."

Hakunitukana. Aliondoa mikono kichwani kwangu, akaenda kukaa kiti cha mbali.

Nikakimbilia ofisini, nikabadilisha kichwa, nikafuta maoni yote. Mhariri akang'aka: "Habari inatembea, wewe unaiua?" Nikamjibu kwamba kuna mtu atauawa. Lakini nimechelewa. Picha ya ule mlango imeshaingia kwenye magrupu, na huko siwezi kufuta kitu.

Jioni nikampigia Mama Neema. Mara mbili hakupokea. Ya tatu akapokea.

"Kesho nafungua," akasema. "Nisipofungua nitakula nini?"

Nikamwomba nije nikae naye.

"Kuja. Lakini usisemee tena kwa nafasi yangu. Nitasema mimi mwenyewe."

Saa mbili asubuhi nitakuwa pale.